Tupeane uzoefu: mliowahi kupeleka polisi barua ya mkutano au maandamano (Mbeya, Iringa, Songwe, Njombe)

Mdau wa Uyole
Wakuu, kijiwe chetu cha bodaboda kinataka kuandamana mpaka Mwanjelwa kuhusu ajali za barabarani. Mzee mmoja kashikilia kwamba bila kibali tutalala ndani. Mimi nilivyosoma kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, tunatakiwa kupeleka taarifa ya maandishi saa 48 kabla, basi. Waliopitia huko watuambie. Mambo ya vyama tuyaweke pembeni.

Kihesa
Mzee wako anaongelea sheria ya zamani. Vibali vilipigwa chini na Jaji Lugakingira, Mahakama Kuu Dodoma, kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila ya 1993.
Sisi tulipeleka nakala mbili Ijumaa mchana, mkutano Jumatatu jioni. Yetu ikagongwa muhuri wa tarehe, tukamwomba aliyepokea aandike na saa kwa kalamu. Akanuna, akaandika. Jumapili usiku napigiwa simu eti tumechelewa kuleta. Nikarusha picha ya ule muhuri, kimya. Siku yenyewe walikuja askari wawili, mmoja akanunua hindi la kuchoma, wakasikiliza mpaka mwisho.

Mama VICOBA
Njombe hapa mtendaji alitudai barua ya polisi kwa kikao chetu cha ndani ya ukumbi, wanachama watupu! Kifungu kinahusu mikusanyiko ya mahali pa umma. Tulikaa kikao chetu.

Tunduma Mjini
Sisi tulizuiwa, sababu "taarifa za kiintelijensia". Sasa sheria haimpi OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) ruhusa ya kuzuia kwa sababu tu hajapenda. Lazima aridhike kwamba mkusanyiko una lengo lisilo halali, au utavunja amani, au utahatarisha usalama wa umma. Tulikwenda watatu, kwa adabu, kuuliza ni lipi kati ya hayo. Kumbe shida ilikuwa foleni ya malori ya mpakani. Tukahamisha njia, tukaandamana. Rufaa kwa Waziri ipo, ila shughuli ya Jumamosi rufaa yake utajibiwa mahindi yashavunwa.

Mdau wa Uyole
Shukrani wakuu. Njia yetu inafuata barabara kuu ya TANZAM, malori kibao. Niiweke kwenye barua au nisubiri waulize?

Tunduma Mjini
Iweke, pamoja na saa ya kuanza na kumaliza. Taja na njia ya pili kabisa.