Mikono inawaka kila nikivaa glavu kazini, nami siamini ni fangasi

Mkata Minofu, Ilemela

Habari za jioni ndugu zangu. Huu ni mwaka wa sita nakata minofu ya sangara kwenye kiwanda kimoja hapa Mwanza, jina naliacha. Miaka mitano ya kwanza sikuwahi kuumwa mikono, labda nichomwe na mwiba au nijikate na kisu.

Mwezi wa pili mwaka huu tukaletewa glavu za aina nyingine, za rangi ya maziwa, zina unga ndani. Baada ya wiki kama tatu migongo ya mikono ikaanza kuwasha. Vikatoka vipele vyenye maji, vikapasuka, na sasa ngozi imekakamaa ina nyufa, nikikunja ngumi damu inatoka. Usiku naamka kuloweka mikono kwenye beseni. Jioni nikijisugua ndimu kuondoa shombo, machozi yananitoka.

Msimamizi wa zamu anasema ni fangasi wa maji. Nimeshapaka krimu tatu za duka la dawa. Ya mwisho, ile ya mchanganyiko, ilinipa nafuu siku nne. Nilipoiacha, ugonjwa ukarudi na kuzidi.

Kinachonifanya nikatae habari ya fangasi ni hiki. Vipele vinakoma pale pale mdomo wa glavu unapokoma, juu kidogo ya kifundo cha mkono, kama vimepigiwa rula. Halafu mwezi wa sita nilikwenda Ukerewe kumuuguza mama, wiki mbili. Kule nilifua, nikaanika dagaa, nikapaa samaki kwa mikono mitupu, na ngozi ikapona karibu yote. Nikarudi kazini Jumatatu. Jumatano mikono ikawaka upya.

Nina watoto wawili wanaosoma, kazi siwezi kuiacha. Je, hii ni aleji ya glavu? Nifanyeje nikiwa bado kazini?

Muuguzi wa Zamu

Pole sana dada. Mimi ni muuguzi na glavu zilinitesa miaka minne kabla sijapata jibu, hivyo maumivu yako nayajua.

Huo mstari wa mkononi, na zile siku mbili kati ya Jumatatu na Jumatano, vinasema mengi. Mzio, yaani aleji, wa utomvu wenyewe wa mti wa mpira huja ndani ya dakika chache: mabaka yanavimba kama umeguswa na upupu, macho yanawasha, kifua kinabana. Huo unaweza kuua, na wenye nao wengine hudhurika pia wakila ndizi, parachichi au papai. Kama umewahi kubanwa pumzi ukivaa glavu au ukipuliza puto, zivue leo na uende hospitali, usisubiri ushauri wa hapa.

Wako unakawia siku moja hadi tatu. Wa namna hiyo mara nyingi hausababishwi na utomvu. Unasababishwa na kemikali zinazotiwa ili mpira uive upesi: thiuramu, kabamati, na nyingine iitwayo merkaptobenzothiazoli. Mwili unaweza kuzivumilia miaka, siku moja ukazikataa, na ukishazikataa hausahau. Ndiyo maana miaka mitano ya amani si ushahidi kwamba glavu hazihusiki.

Tena kuna mchubuko wa kawaida, ambao si mzio kabisa: maji siku nzima, barafu, klorini, jasho ndani ya mpira. Huo ndio unaowapata wengi zaidi, na ngozi ikishachubuka kemikali hupenya kirahisi. Kwako nahisi yote mawili yameshikana, ila mimi si daktari na sijaiona mikono yako.

Naomba usikilize hapa, maana ndipo nilipopotea mimi. Nilihamia glavu za naitrili, mpira wa kiwandani usio na utomvu wa mti, nikidhani nimepona, kumbe nyingi nazo zina kemikali zile zile. Nilizunguka miezi nikilaumu sabuni. Zipo za naitrili zilizotengenezwa bila kemikali hizo, na boksi lake huandikwa hivyo.

Mwone daktari wa ngozi. Anza hospitali ya Sekou Toure au Bugando, uulize kipimo cha vibandiko. Unabandikwa mgongoni kemikali kidogo kidogo, vinatolewa baada ya saa 48, kisha mgongo unasomwa tena siku moja au mbili baadaye. Pasipokuwepo Mwanza, waombe rufaa ya hospitali ya KCMC Moshi, kuna kituo kinachosomesha wataalamu wa ngozi. Nenda na glavu na boksi lake. Hizo krimu za mchanganyiko ziache mpaka akuone. Nyingi zina steroidi, ukizipaka kiholela muda mrefu zinakondesha ngozi, na baadhi zina neomaisini, dawa ya kuua bakteria, ambayo nayo huleta mzio.

Vaselini paka baada ya kazi, siyo chini ya glavu za mpira, kwa sababu mafuta hayo huzilegeza zikatoboka. Ndani vaa glavu nyembamba za pamba, uzibadilishe zikilowa.

Mzee wa Mwaloni

Mwanangu, ndimu iache kabisa. Hapa Kirumba nimewaona akina mama wakijipaka ndimu kisha wanakaa juani, ngozi inaungua na kubaki na madoa meusi. Shombo haijaua mtu. Mimi ningesema glavu nazo uzivue, sisi tulipasua samaki miaka yote bila glavu na mikono yetu ni hii hapa.

Mdau wa Usalama Kazini

Mzee wangu shikamoo. Kiwandani hawezi kuzivua, minofu ile inasafirishwa nje na masharti ya usafi ni makali.

Dada, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga bila kukutoza. Andika barua, taja tarehe glavu mpya zilipoanza, ubaki na nakala. Daktari akithibitisha kwamba ugonjwa umetokana na kazi, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unahusika. Maneno ya mdomo kwa msimamizi hayaachi alama. Ile glavu yenye unga, Marekani wameipiga marufuku hospitalini tangu Januari 2017, kwa kuwa unga unabeba protini za mpira hewani watu wakazivuta.

Mkata Minofu, Ilemela

Wabeja sana. Mzee wangu, shikamoo, ndimu nimeacha tangu juzi.

Dada muuguzi, kifua hakijawahi kunibana. Mwezi wa nne nilipuliza maputo ya mwanangu, midomo haikuvimba. Ndizi nakula kila siku.

Leo nimesoma boksi stoo. Limeandikwa mpira asilia na unga, kemikali hazikutajwa hata moja. Barua nimeipeleka ofisini, nakala imegongwa mhuri. Mwanzoni msimamizi alinuna, kisha akaniuliza taratibu kama na mke wake, anayefanya usafi mahali pengine, anaweza kuwa na shida hii hii. Nimemsomea ulichoandika.

Kliniki ya ngozi wamenipangia Alhamisi. Boksi tupu nimelikunja, limo kwenye mkoba pamoja na glavu mbili.