Mvua imetulia, watoto wazima, mwenye dekea ndo hajiwezi

MamaDekea_Ksn:
Salaam aleikum wapendwa. Nna dekea ndogo, kituo cha kulea watoto mchana, huku Kisauni, Mombasa, watoto 22, walezi watatu na mimi wa nne. Wiki jana maji yaliingia mpaka kwa vigodoro vya watoto, tukawabeba mgongoni tukawapandisha kwa jirani ghorofani, alhamdulillah hakuna aliyeumia. Sasa tangu hiyo siku mie ndo nashindwa. Kwangu pia maji yaliingia, nguo za wanangu ziko kwa kamba hazikauki, lakini alfajiri simu ishaanza, mzazi auliza kama tumefungua, mlezi asema kwao hakupitiki, mwenye nyumba ataka kodi yake. Usiku nikisikia mvua kwa mabati nakurupuka moyo unaenda mbio. Jana nkamfokea mlezi mbele ya watoto, sababu ni uji tu jamani, kisha nkajifungia chooni nkalia. Kila mtu auliza watoto wako aje. Nyinyi wenye dekea mwafanyaje?

BiLikoni:
Pole mamangu. Mimi El Niño ya 2023, Novemba ile, nilijitia chuma wiki mbili, ya tatu nkalazwa na presha. Kilichoniokoa ni simu. Nilimpa mlezi mkubwa simu ya dekea, kwa grupu la wazazi ikawa ni meseji moja tu kila jioni, kesho twafungua au hatufungui, basi. Walinuna siku mbili wakazoea. Na huyo uliyemfokea mwombe radhi mbele ya hao hao watoto, usimwite pembeni.

Kaka_wa_Tudor:
Dua na subira dada, ni mitihani tu hiyo.

Mikindani_Mlezi:
Kaka dua twaomba, ila mwenye nyumba hapokei dua 😂 Watu wasahau kitu kimoja, maafa yakija kazi yetu haipungui, yaongezeka. 2024 shule zilipoahirishwa kufunguliwa kutoka 29 Aprili mpaka 13 Mei wazazi wakatuletea hata wale wakubwa wa darasa la tano, na kulipa hawalipi kwa sababu vibarua vimesimama. Huku tuko wanane tuna chama, kila wiki twatia 200, na mmoja maji yakimwingia wenzake wanagawana watoto wake siku mbili tatu yeye ashughulike na nyumba yake alale. Hiyo kulala ndo muhimu hasa.

Jitolea254:
Nimewahi kujitolea wakati wa mafuriko. Kukurupuka usiku baada ya kishindo kama hicho ni kawaida, kwa wengi yapungua yenyewe. Lakini zikipita wiki kadhaa bado hulali, usingoje presha kama Bi Likoni. Piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure, waongee nawe. Kwa kumtuliza mtu aliyepatwa na maafa twafundishwa tazama, sikiliza, unganisha na msaada, ila kila mtu awafanyia watoto na mkuu wao asahaulika.

MamaDekea_Ksn:
Ahsanteni nyote, nimesoma nkalia tena lakini kilio kingine hiki. Bi Likoni, leo asubuhi nimemwomba radhi, akacheka, mtoto mmoja akauliza "kwani ticha nawe hukosea?" Simu ntampa kuanzia kesho. Wa Mikindani njoo inbox unieleze hiyo chama mwaiandika vipi, nna wenzangu wawili hapa Mtopanga washasema wako tayari.