Pikapu ya Baba: gumzo la kikundi cha familia

Jumamosi

Kaka Mkubwa, 18:42
Shikamoo Mjomba. Pikapu imechemsha tena, mara ya tatu sasa. Asubuhi inawaka kwa shida, inatoa moshi mweupe dakika kadhaa halafu inatulia. Maji ya rejeta yanapungua na chini hakuna hata tone. Kesho nafungua hedi, kile kichwa cha juu cha injini, nabadilisha gasketi yake ya kuziba.

Mjomba, 18:50
Marahaba mpwa wangu. Usiifungue bado. Injini ikishafunguliwa, ushahidi wote umepotea. Ni injini ya 3L ile ya dizeli, siyo?

Kaka Mkubwa, 18:51
Ndiyo, 3L, cc 2779. Pampu ya kawaida, haina turbo wala kompyuta.

Mjomba, 18:53
Basi hiyo unaiweza hapo nyumbani. Kesho ikiwa ya baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji, awashe mtu mwingine, wewe tazama. Mapovu yakija mfululizo, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Kisha toa hita plagi, zile za kupasha joto silinda, zote nne, pima mgandamizo silinda moja moja. Geji iwe ya dizeli, ya petroli itapasuka. Mfuniko usiuguse injini ikiwa ya moto!

Binamu, 19:05
Akipata silinda dhaifu amwagie oili kidogo halafu apime tena. Ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda ni valvu. Sisi kwenye gari ya petroli hufanya hivyo.

Mjomba, 19:11
Kwenye petroli ni sawa. Dizeli hii inagandamiza hewa zaidi ya mara 20, nafasi inayobaki juu ya pistoni ni ndogo sana. Ukimwaga oili, oili yenyewe inakula ile nafasi na namba inapanda hata ringi zikiwa zimekwisha. Itakudanganya. Ukizidisha, pistoni inagota kwenye oili na konrodi, mkono wa pistoni, inapinda. Aache kabisa.

Jumapili

Kaka Mkubwa, 11:30
Mapovu yapo, tena mengi. Mgandamizo kwa kilo: ya kwanza 30, ya pili 29, ya tatu 18, ya nne 29.

Mjomba, 11:38
Umefanya kazi nzuri. Sasa soma hizo namba. Gasketi ikiungua kati ya silinda mbili, zote mbili zilizo jirani hushuka. Hapa imeshuka moja peke yake, na moshi uko kwenye maji. Nina wasiwasi na hedi yenyewe kuliko gasketi. Chomoa kijiti cha oili unipigie picha.

Kaka Mkubwa, 11:44
📷 Imebadilika rangi, kama chai ya maziwa.

Mjomba, 11:46
Usiiwashe tena, hata kuihamisha tu. Isukumeni. Maji yakishaingia kwenye oili, beringi zinasaga bila ulainishi.

Baba, 12:20
Mimi ndiye niliyekuwa nikiongeza maji matupu miezi yote hii. Kulanti, ile dawa ya rejeta, iliisha, nikasema maji ni maji.

Mjomba, 12:26
Shemeji, wengi tunafanya hivyo. Ila kulanti kazi yake si kuzuia kuganda tu, inazuia kutu na inachelewesha maji kuchemka. Rejeta hiyo nayo itoke, tuione ndani. Tusipojua kwa nini imechemka, hedi mpya itakufa kama hii.

Jumatano

Kaka Mkubwa, 20:15
Hedi imetoka. Boliti nimezilegeza kuanzia pembeni kuja katikati, hatua kwa hatua, kama ulivyosema. Gasketi haina alama ya kuungua. Lakini silinda ya tatu, kati ya valvu mbili, kuna ufa unaingia mpaka kwenye kiti cha valvu. 📷

Kaka Mkubwa, 20:17
Nikalaza rula ya chuma kwenye uso wa hedi. Fila geji, kile kibamba cha kupimia mwanya, ya milimita 0.25 inapita katikati, yaani hedi imepinda.

Dada, 20:22
Si wanasema hedi inaweza kusagwa ikanyooka?

Mjomba, 20:31
Ya petroli mara nyingi inasagwa. Ya dizeli ya aina hii ina vyumba vidogo vya kuwakia vilivyopachikwa ndani yake, na valvu ziko karibu sana na pistoni. Ukisaga, kila kitu kinashuka. Na ufa ule hausagiki, binti yangu. Hedi hiyo imekwisha.

Kaka Mkubwa, 20:33
Basi nichukue hedi, pistoni, ringi, beringi, kila kitu mara moja? Niifanye mpya kabisa.

Mjomba, 20:40
Umeona nini kwenye kuta za silinda?

Kaka Mkubwa, 20:42
Ile mikwaruzo myembamba ya msalaba ya kiwandani bado inaonekana. Ukucha haukwami popote, hata juu kabisa.

Mjomba, 20:52
Basi usizichokoze. Pistoni na ringi zilizokaa pamoja miaka yote hiyo zimeshazoeana na ukuta wake. Ringi mpya hukaa vizuri ukuta ukikwaruzwa upya, na hiyo ni kazi juu ya kazi. Thibitisha kwa geji ya ndani: juu, katikati, chini, na kila sehemu pande mbili zilizo msalaba. Zikiwa ndani ya vipimo vya kitabu cha injini, ziache. Ninachokiogopa mimi ni cha chini. Toa sampu, lile bakuli la oili.

Ijumaa

Kaka Mkubwa, 17:55
Mjomba, ulijua. Beringi za konrodi ya pili na ya tatu zimeanza kuonyesha shaba. 📷

Mjomba, 18:03
Ni yale maji. Badilisha zote, za konrodi na za kranki, ile shafti kuu, usichague. Kila kifuniko cha konrodi kirudi kwenye konrodi yake na upande wake, viwekee alama za nukta kabla hujavitoa. Kranki ipime kwa maikromita. Ikiwa bado saizi ya kwanza, beringi za kawaida. Kama imeliwa, itabidi isagwe na beringi ziwe za saizi inayofuata, usibahatishe.

Kaka Mkubwa, 19:40
Saizi ya kwanza, haijaliwa! Na rejeta nimeikata. Nusu ya mirija imeziba kwa kutu.

Baba, 19:48
Nimeiona kwa macho yangu. Rejeta mpya naitafuta mimi.

Jumamosi

Kaka Mkubwa, 15:10
Mjomba, gasketi za hedi ziko za unene wa aina tatu. Ipi?

Mjomba, 15:19
Swali zuri sana, wengi hawaulizi. Kwenye dizeli pistoni ikifika juu huchomoza kidogo kupita uso wa bloku. Pima kila pistoni kwa dayo geji, ile saa ya kupimia, chukua iliyochomoza zaidi, kisha kitabu kitakupa herufi ya gasketi. Nyembamba mno, pistoni itagonga. Nene mno, mgandamizo unashuka na asubuhi utateseka kuiwasha.

Mjomba, 15:24
Na matundu ya boliti kwenye bloku yakaushe kwa upepo. Oili ikibaki chini ya boliti unayokaza haina pa kwenda, bloku inapasuka. Kaza kuanzia katikati kwenda nje: kwanza toki, nguvu ya kukaza, ya kitabu, kisha digrii 90, kisha 90 nyingine. Weka alama ya rangi kwenye kila boliti ili usisahau ipi tayari.

Mama, 15:30
Mwanangu, ulisema utapima nozeli, zile za kupuliza dizeli, kwa mkono. Mjomba wako amekuruhusu?

Mjomba, 15:32
HAPANA. Dada yangu, asante kwa kumuuliza. Dizeli inayotoka kwenye nozeli inatoboa ngozi, na kijitundu kinaonekana kidogo huku mkono unaoza ndani. Nozeli anapima fundi mwenye mashine yake. Ikimpata mtu, hospitali saa hiyohiyo, hata kama hauumi.

Jumapili

Kaka Mkubwa, 10:05
Mkanda wa taimingi mpya, alama zimekaa. Nimezungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili, haigongi popote, alama zimerudi palepale. Niwashe?

Mjomba, 10:09
Bado. Chomoa waya wa solenoidi, swichi ya dizeli, kwenye pampu ili dizeli isiingie. Piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Kisha rudisha waya, toa hewa kwa kile kipampu cha juu ya filta, legeza nati za nozeli mpaka dizeli itoke bila mapovu. Na Binamu asimame na ubao mnene karibu na mdomo wa hewa. Injini ikipanda kasi yenyewe na kwa ufunguo haizimi, azibe hewa kwa ubao. Asitumie mkono.

Binamu, 10:12
Niko hapa na ubao, Mjomba.

Kaka Mkubwa, 11:26
🎤 0:48

Mjomba, 11:30
Nimesikiliza mara tatu. Hiyo ya sekunde za kwanza ni hewa iliyobaki, ya baadaye ni safi. Taa ya oili?

Kaka Mkubwa, 11:31
Imezima. Mapovu hakuna. Moshi hakuna.

Baba, 11:33
Nimekaa ndani yake sasa hivi. Haitetemeki.

Mjomba, 11:41
Alhamdulillahi. Oili hii imwage baada ya kilomita 500, itakuwa imebeba mabaki ya maji. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua mfuniko uangalie kulanti iko wapi, uniandikie hapa.

Jumatatu

Kaka Mkubwa, 06:20
Shikamoo Mjomba. Kulanti iko palepale nilipoiacha.