Picha ya OCT inaonyesha neva ya jicho imekonda, kwa nini haisemi nini kimeikondesha?

Dada wa Mbagala
Habarini wapendwa. Mdogo wangu ana miaka 19. Mwezi wa tatu alianza kulalamika kuwa akimtazama mtu usoni anaona ukungu, ila pembeni anaona vizuri. Nikadhani ni simu. Siku moja nikamtuma dukani, akatoa msimbazi wa elfu kumi akidhani ni elfu mbili. Nyekundu kwake imekuwa kama udongo. Hospitali ya kwanza walisema presha ya macho, wakampa matone. Jana kwingine wamempiga OCT, ile mashine inayopiga picha ya tabaka za nyuma ya jicho kwa mwanga. Karatasi ninayo hapa: duara lina vipande vya kijani, chekundu ni kimoja tu, upande wa sikioni, na macho yote mawili yako hivyo hivyo. Daktari anataka vipimo vya damu. Kama mashine inapima mpaka unene wa neva, inashindwaje kusema kilichoiharibu? Roho inaniuma, mtoto yuko kidato cha sita.

Muuguzi wa Macho
Pole sana dada. Picha hizo naziona kila siku kazini. OCT inapima unene wa nyuzi za neva kwa mikromita, kisha inakuonyesha kwa nyekundu palipokonda. Jina la ugonjwa tunalitafuta sisi. Presha ya macho kwa kawaida huanza kula juu na chini ya duara. Upande wa sikioni ndiko zinakopita nyuzi zinazotoka katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, pale tunaposomea herufi na kutambua rangi. Zikikonda hizo macho yote mawili, tunawaza dawa, upungufu wa vitamini B12 au foleti (vitamini ya mboga za majani), au ugonjwa wa Leber unaorithiwa kwa mama. Yote hayo hukondesha palepale, kwa hiyo damu lazima ipimwe.

Amewahi kutumia dawa za TB? Ethambutol inaweza kufanya hivi. Kama anaimeza, mpeleke kliniki ya TB leo, asiache dawa kwa uamuzi wake.

Tena sisi wa Pwani tuna jambo letu. Tangu 1988 madaktari wa Dar es Salaam wanaona vijana wakipoteza uoni wa katikati namna hii, wengi wao na miguu ina shida. Walipopigwa OCT, nyuzi hizo hizo zilikutwa zimekonda, na baadhi yao walikuwa na vijishimo vidogo ndani ya retina. Upungufu wa foleti na hitilafu za mitokondria, yaani vinu vya nishati ndani ya seli, ndizo zimeshukiwa.

Kijana wa Tandika
Mimi ni mmoja wao. Kwangu nyayo ziliwaka moto usiku, nikawa nakanyaga sakafu ya saruji ili zipoe. Sikumwambia daktari wa macho kwa sababu niliona miguu haimhusu. Muulize miguu.

Dada wa Mbagala
Nimemuuliza sasa hivi. TB hajawahi kuugua. Miguu, anasema tangu kabla ya mfungo analala ameitoa nje ya neti, alidhani ni joto. Tunalala chumba kimoja na sikujua. Kesho saa kumi na mbili tunatoka, hilo nitamwambia daktari kabla hajashika karatasi.