Tunanunua nyumba mpya Kigamboni na mwendelezaji anasema bei haipungui: tuombe nini?

BintiMkunga (mleta mada)

Salamu kwenu ndugu wanajukwaa, na kwa wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mkunga na mume wangu anafanya kazi bandarini. Baada ya miaka kumi na moja ya kupanga, tumeuza kiwanja tulichokuwa nacho, tukajumlisha na akiba yetu, na sasa tuna shilingi milioni 110 mkononi. Tumeipenda nyumba ya vyumba vitatu katika mradi wa nyumba 24 hapa Kigamboni, upande wa Kibada. Nyumba 17 zimeshauzwa. Yetu imekwisha kupauliwa, lakini plasta na sakafu bado, na wanasema itakamilika baada ya miezi minane.

Bei iliyo kwenye kipeperushi ni shilingi milioni 185. Tulipoomba tupunguziwe, ofisa mauzo alitujibu kwa upole kwamba bei haigusiki, isipokuwa tukilipa fedha yote ndani ya siku 30, ndipo tutapata punguzo la asilimia 8. Tusipoweza, tutalipa kwa awamu tatu bila riba na bila punguzo. Kiasi kitakachopungua tunatarajia kukopa benki. Asilimia 8 ni karibu milioni 15, na kwetu hiyo si fedha ndogo, ndiyo maana mume wangu anashawishika tukope haraka ili tuiwahi. Mimi moyo wangu unasita. Naomba ushauri wa watu waliopita njia hii: je, ni kweli bei ya nyumba mpya haijadiliwi, na kama hivyo ndivyo, kuna kitu kingine tunachoweza kuomba?

MzeeWaHesabu

Marahaba, binti yangu. Kabla hatujaanza kukushauri, jibu swali moja tu: hiyo milioni 185 ni pamoja na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) au bila VAT? Nyumba mpya inapouzwa na mwendelezaji kwa mara ya kwanza kwa kawaida hutozwa VAT, tofauti na nyumba ambayo watu wamekwisha kuishi kwa miaka, na vipeperushi vingi huandika bei kabla ya kodi.

BintiMkunga (mleta mada)

Baba yangu, nimewapigia simu asubuhi hii. Ni bila VAT. Nimekaa kimya jikoni kwa muda baada ya kukata simu. Hakuna mtu aliyetuambia katika safari zote tatu tulizokwenda pale.

MzeeWaHesabu

Basi hesabu yako halisi ni hii. Kwa kiwango cha kawaida cha VAT, asilimia 18 ya milioni 185 ni milioni 33.3, kwa hiyo nyumba ni milioni 218.3, na juu yake utaongeza ushuru wa stempu wa takribani asilimia 1, ada za usajili na malipo ya wakili. Usimwombe mwendelezaji akusamehe VAT, kwa sababu kodi hiyo si yake, ni ya TRA, yaani mamlaka ya mapato, naye atakujibu hivyo na mazungumzo yatafungwa. Wewe zungumzia namba moja tu, yaani jumla ya mwisho ikiwa na kodi ndani yake. Mwambie, kwa mfano, "Sisi tuna uwezo wa milioni 205 kwa kila kitu." Namna ya kuigawa kati ya bei na kodi ataijua mhasibu wake. Ukiendelea kujadili bei ya kipeperushi, kila mara utasahau kodi na gharama nyingine.

FundiMstaafu

Mleta mada, pole na hongera kwa pamoja. Nimesimamia ujenzi wa nyumba za kuuza kwa miaka 22, acha nikueleze mwendelezaji anavyofikiri, kwa maana ukimwelewa utajua pa kumgusia.

Anapokataa kupunguza bei ya orodha, mara nyingi hakatai fedha yako, analinda bei ile. Kuna watu 17 waliokwisha kununua kwa milioni 185. Wakisikia kwamba mtu wa 18 amepewa kwa 170, wale ambao bado wanalipa awamu watarudi ofisini kudai na wao. Wathamini nao huangalia mauzo ya jirani wanapothamini nyumba, kwa hiyo mauzo moja ya chini yanaweza kuvuta nyumba sita zilizobaki. Hapo ndipo utakapoona maajabu: mtu aliyekataa kupunguza milioni tano anakubali kukuongezea vitu vya milioni saba, kwa sababu kwake vitu hivyo havigharimu milioni saba. Mafundi wake wako pale pale, vigae amenunua kwa jumla, mchimbaji wa kisima amekwisha kulipwa kwa mradi mzima.

Kwa hiyo omba vitu ambavyo wewe ungevilipia kwa bei ya rejareja siku ya kwanza ya kuhamia. Omba umeme uwe umekwisha kuunganishwa na mita ya Luku iwe kwa jina lako, maji ya DAWASA yawe yamefika ndani, tangi la lita 5,000 pamoja na mnara wake, makabati ya jikoni, nondo za madirisha na pevingi kuanzia getini hadi mlangoni. Kama mradi una ada ya huduma kwa ajili ya ulinzi na usafi, omba usamehewe mwaka mzima, na muhimu kuliko msamaha, omba iandikwe kwamba haitapanda kupita kiwango fulani kwa miaka miwili inayofuata. Nimeona watu wakifurahia miezi sita ya bure, kisha mwezi wa saba ada inaongezeka maradufu.

Nyumba kuwa katika hatua ya plasta ni bahati yenu. Leo kuongeza soketi au kuhamisha bomba la jikoni ni kazi ya nusu siku. Vigae vikishawekwa, ni kuvunja na kulipa.

AfisaMikopo

Naheshimu maneno ya Fundi, lakini kwa mtu anayekopa ninatofautiana naye kidogo, na ningependa mleta mada alitazame jambo hili kwa utulivu. Mkopo wa nyumba hapa kwetu una riba kubwa. Tuchukue asilimia 15 kwa mwaka kwa miaka 15. Kwa masharti hayo, kila milioni moja unayokopa hukutoa takribani shilingi 14,000 kila mwezi, na hadi unamaliza utakuwa umelipa zaidi ya milioni 2.5. Maana yake, milioni 10 ikipungua kwenye bei, unaokoa shilingi 140,000 kila mwezi na zaidi ya milioni 25 kwa muda wote wa mkopo. Makabati ya milioni 10 hayapunguzi marejesho hata senti moja. Aidha, benki hukopesha kwa kuangalia thamani atakayoiona mthamini, naye huthamini nyumba na ardhi. Kama bei imebebeshwa jokofu na viyoyozi vya zawadi, tofauti itatoka mfukoni mwako.

Kwa hiyo, kwa mwenye fedha taslimu yote, vitu vya Fundi ni sawasawa na fedha. Kwa anayekopa, shilingi iliyopunguzwa kwenye bei ina uzito kuliko shilingi ya kabati. Anza na jumla ya mwisho, na vitu vije pale bei itakapogoma kabisa.

Kuhusu kukimbilia mkopo ili kuwahi siku 30, ulizeni kwanza kama hati ya kiwanja chenu imekwisha kutengwa. Benki inahitaji hati ili isajili rehani. Nyumba isiyokamilika ambayo bado iko ndani ya hati moja ya mradi mzima ni vigumu kukopewa kwa haraka hivyo, na ninyi mtajikuta mmelipa kiasi cha kushika nyumba huku saa inakwenda.

FundiMstaafu

Afisa, kwenye hesabu ya marejesho nimekubali, sikuwa nimeipima hivyo. Nabaki na neno langu kwenye umeme na maji tu, kwa sababu hivyo asipovipata kwa mwendelezaji atavikopea kwingine kwa riba kubwa zaidi, au atahamia gizani.

NyumbaNambaTisa

Dada yangu, nakuandikia kama mtu aliyeumia. Mwaka juzi mimi na mke wangu tulinunua nyumba mpya katika mradi mwingine, sitautaja. Tuliahidiwa mambo matatu: ukuta wa nyuma, tangi la maji na pevingi. Aliyetuahidi alikuwa ofisa mauzo, kijana mwenye adabu, na sikuwahi kumwona kama mwongo, hata leo simwoni hivyo. Tulisaini mkataba wa kurasa 19 tukiwa na furaha. Miezi mitano baadaye nilipouliza ukuta, yule kijana alikuwa amekwisha kuacha kazi, na mwenzake akanifungulia ukurasa wa 16, akaweka kidole chake chini ya mstari unaosema kwamba mkataba huo ndio makubaliano yote na kwamba ahadi nyingine yoyote ya maneno au ya maandishi haina nguvu. Nilisoma mstari ule mara tatu nikiwa nimesimama. Saini yangu ilikuwa chini yake.

Siku ya kukabidhiwa funguo nikamimina maji sakafuni bafuni kwa kikombe, nikayaona yanatiririka polepole kuelekea mlangoni badala ya kwenda kwenye tundu. Tulikuwa tumelipa kila kitu. Kurekebisha kulichukua miezi minne, na nilikwenda ofisini kwao mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nakusihi, usilipe yote mapema kwa ajili ya asilimia 8.

WakiliWaPwani

Yaliyompata NyumbaNambaTisa nayaona mara kwa mara, na yanazuilika. Kila mlichokubaliana kiingie ndani ya mkataba wa mauziano wenyewe au kwenye kiambatisho kinachotajwa na mkataba na kusainiwa na mtu mwenye mamlaka ya kuifunga kampuni. Usiandike "tangi la maji". Andika ujazo, aina, mahali litakapowekwa na tarehe. Usiandike "umaliziaji mzuri". Andika vigae vya ukubwa gani, milango ya mbao gani. Kama mliona nyumba ya mfano, mkataba useme kwamba nyumba yenu haitakuwa chini ya ile, na muwe na picha zake.

Kuhusu punguzo la asilimia 8, ndugu mleta mada, lipime kama bei ya kitu unachokitoa. Unachokitoa ni nguvu yako yote ya kudai. Mwendelezaji aliyekwisha kulipwa fedha kamili hana sababu ya kukuharakishia, na akikwama katikati ya ujenzi, utakuwa mdai kama wadai wengine. Ukilipa kwa awamu zinazofuata hatua za ujenzi zinazoonekana kwa macho, fedha yako inabaki kwako na inazaa: milioni 60 zikikaa miezi minane kwenye akaunti ya muda maalumu yenye riba ya asilimia 9 kwa mwaka zinaleta milioni 3.6 kabla ya kodi. Kwa hiyo hata hiyo milioni 14.8 si 14.8 kamili.

Mambo matatu ningeyadai kabla ya zawadi yoyote. La kwanza, upekuzi kwa Msajili wa Hati, ili ujue kama ardhi iko rehani benki. Ikiwa iko rehani, benki hiyo itoe barua kwamba itaachilia kiwanja chako ukimaliza kulipa. La pili, fidia ya kila mwezi wa kuchelewa, walau inayolingana na kodi ya nyumba mnayolipa sasa. La tatu, asilimia 5 ya bei ibaki mikononi mwenu au kwa wakili hadi kasoro zirekebishwe, kwa miezi sita baada ya kukabidhiwa. Hili la tatu halimgharimu mwendelezaji mwaminifu chochote, ndiyo maana jinsi anavyolipokea hukuonyesha mengi.

BintiMkunga (mleta mada)

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki tatu kuwapa mrejesho, na shukrani zangu ni za dhati.

Tulikwenda na karatasi moja iliyoandikwa milioni 205, kila kitu ndani. Ofisa mauzo alirudia kwamba bei haigusiki. Tukamwambia tunaelewa anailinda bei yake, na kwamba hatutaki kipeperushi kibadilike. Tunataka barua ya masharti maalumu kwa nyumba yetu. Akatupeleka kwa meneja. Meneja alikaa na kikokotoo kwa muda mrefu, akasema 212. Mume wangu akakaribia kukubali, nikamgusa mguu chini ya meza. Tukaaga kwa heshima na kuondoka. Siku ya tisa walipiga simu wenyewe: 205 pamoja na VAT, kwa awamu tatu, awamu ya mwisho ikitoka benki baada ya hati yetu kutengwa. Tutakopa milioni 95 badala ya 108.3, na kwa hesabu ya Afisa ni unafuu wa zaidi ya shilingi 186,000 kila mwezi.

Umeme na maji wamekubali kuunganisha kwa gharama yao. Makabati wamekataa, pevingi wamekataa, na ada ya huduma wametusamehe miezi mitatu tu. Fidia ya kuchelewa wameandika. Upekuzi ulionyesha ardhi iko rehani kweli, na barua ya benki yao imekuja juzi. Kwenye asilimia 5 wamevutana nasi sana, nao wanataka iwe asilimia 2 kwa miezi mitatu. Wakili, tukubali?

WakiliWaPwani

Hongereni. Asilimia 2 ya milioni 205 ni milioni 4.1, haitoshi kurudia bafu mbili na dari. Shikilieni 5 kwa miezi mitatu, au 3 kwa miezi sita ili mpite masika mkiwa ndani, kwani paa jipya hujulikana likinyeshewa. Mimi ningechagua masika.

BintiMkunga (mleta mada)

Wamesaini 3 kwa miezi sita. Plasta inaanza Jumatatu, na Fundi, nimeshachora mahali pa soketi za jikoni kwa chaki ukutani.