Tawa la chuma kwenye jiko la indaksheni: katikati linaunguza, pembeni baridi

tawa_refu:
Wakuu, naomba msaada. Tawa ni la chuma cha kusubu, sm 45 kwa 25, linakaa juu ya koili mbili za indaksheni. Juu ya kila koili linafuka moshi, ila ule ukanda wa kati na pembe zote haugandishi hata yai. Nawasha namba 8 kati ya 9. Utando mweusi wa mafuta umebanduka madoa mawili ya duara, na baada ya dakika kumi hivi jiko linajizima. Kibovu ni tawa au jiko?

fundi_sufuria:
Hakuna kibovu, ni hiyo namba 8. Koili haitoi moto, inatoa uga wa sumaku, na chuma kilichokaa juu yake ndicho kinachopata joto. Koili nyingi zina kipenyo cha sm 18 hadi 21, basi. Kwingine kote joto linafika kwa kutambaa ndani ya chuma chenyewe, na chuma cha kusubu ni kizito wa kulipitisha, kama robo tu ya alumini. Ukikiwashia namba ya juu mara moja, juu ya koili kunapita 300°C huku pembe bado unazishika kwa mkono.

Washa koili zote mbili namba 3, dakika 5. Panda namba 4, dakika 5 tena. Halafu linyanyue (usiliburute, chembe moja ya chumvi chini yake inachora kioo) ulisogeze sm 5 kushoto kwa dakika 3, kisha kulia dakika 3. Hapo ule ukanda wa kati nao unapata zamu yake. Kama jiko lina kitufe cha kuunganisha koili mbili zifanye kazi kama moja, kitumie, ingawa pengo halifutiki lote.

Kupima: dondosha maji. Yakitokota na kukauka palepale, bado. Yakijikunja kama shanga na kukimbiakimbia, umeshafika kama 200°C: nyama weka, yai ngoja lipoe, maana yai linataka 150 hivi. Dondosha sehemu tano tofauti, siyo katikati peke yake.

koili_mbili:
Naongezea kuhusu kujizima. Chini ya kioo kuna kihisi cha joto, na kioo kikizidi kiwango jiko linakata umeme ili vifaa vya ndani visiungue. Tawa zito lililowashwa namba 8 linakirudishia kioo joto kali, kwa hiyo jiko linafanya kazi yake. Angalia pia ncha ya tawa isifunike vitufe vya kugusa. Vikipata moto vinagoma au vinazima kila kitu.

Halafu ligeuze kifudifudi, simamisha rula juu ya kitako chake. Mwanga ukipenya katikati, au kukiwa na ukingo unaolinyanyua tawa, kila milimita ya hewa inapunguza nguvu inayofika kwenye chuma. Ndiyo maana kuna matawa yanayonata vizuri kwenye sumaku lakini jiko halitaki kuyatambua. La kusubu likipashwa ghafla linaweza hata kupasuka, la bati la chuma linapinda likaanza kuzunguka kama pia. Kitufe cha nguvu ya ziada kisahau kabisa kwa tawa la aina hii. Mlio wa kuvuma usikutishe.

mafuta_kidogo:
Hayo madoa usijaribu kuyaivisha upya juu ya indaksheni, utapata duara mbili zilezile. Peleka kwenye oveni. Sugua palipobanduka kwa sugulio la waya mpaka paache kutoa vipande, osha, kausha kabisa. Paka mafuta ya alizeti kote, kisha yafute kwa kitambaa kikavu kana kwamba uliyapaka kwa makosa. Watu wengi wanaharibu hapahapa: mafuta yakibaki mengi yanakuwa gundi inayonata. Lilaze kifudifudi, 230°C, saa moja, liache lipoe humohumo. Rudia mara tatu.

Kila siku: likwangue likiwa bado vuguvugu, maji ya moto, sabuni kidogo haina neno. Usilimwagie maji baridi likiwa la moto, wala usililoweke. Likaushe juu ya namba 2 kwa dakika 3, kisha tone la mafuta.

tawa_refu:
Shukrani sana. Na ule mkeka wa silikoni wa kuzuia mikwaruzo, naweza kuuweka chini ya tawa?

koili_mbili:
Hapana. Mingi inavumilia kama 220 au 230°C, na chini ya tawa unapita hapo bila kujua. Tena unakikinga kile kihisi, jiko linachelewa kugundua kwamba tawa limezidi moto. Futa kioo na chini ya tawa kabla ya kuwasha, inatosha.

fundi_sufuria:
Hasa angalia ule mfereji wa mafuta ulio ukingoni mwa tawa. Ukijaa unamwagikia kwenye kioo, na mafuta yaliyoungulia pale hayatoki kwa kitambaa, ni wembe wa kukwangulia kioo, kikiwa kimepoa, ukiulaza karibu bapa.