Kulia kwa jukwaa ni kulia kwa nani?

Swali: Wakuu, mswada unasema "aingie kulia, avuke hadi kushoto mbele." Ni kulia kwangu au kwa watazamaji? Halafu mwongozaji anasema namfunika mwenzangu. Nirekebishe vipi?

Jibu 1: Ni kulia kwako mwigizaji ukiwa umeielekea hadhira. Mbele ni upande wa hadhira. Ligawe jukwaa sehemu 9: safu 3 kutoka mbele hadi nyuma, kila safu ina kulia, kati na kushoto. Andika mienendo pembeni mwa mswada kwa penseli, tafadhali, si kalamu. Itabadilika tu mazoezini.

Jibu 2: Kumfunika ni kusimama kati ya mwenzako na macho ya watazamaji. Akiwa anasema yeye, vuka kwa nyuma yake. Ukisema wewe, pita mbele. Mnapozungumza wawili, msitazamane uso kwa uso kabisa, maana hadhira itaona mashavu tu na sauti itaishia pembeni. Geuzeni miili kama nyuzi 45 kuelekea hadhira, mguu ulio upande wa hadhira ukirudi nyuma kidogo. Mguu huo ukitangulia, kiuno hugeukia mbali na hadhira na mgongo huonekana. Hapo ndipo wanaoanza hukosea sana.

Jibu 3: Niongeze: hayo ni ya jukwaa linalotazamwa upande mmoja. Watazamaji wakizunguka pande zote, lichukulieni jukwaa kama uso wa saa, mkubaliane namba 12 iko wapi, kisha mwelekezane kwa namba hizo: "nenda kwenye 3."

Muulizaji: Asanteni. Kumbe tatizo ni mguu!